Mgomba Tuliouzika Ujerumani

Kitanda cha mama nilikinunua mwenyewe, nikakipandisha vipande vipande hadi ghorofa ya tatu hapa Woolwich, nikakikaza skrubu moja moja kwa mikono yangu, na mama akakifanya mahali pa kuwekea nguo. Yeye alilala chini, kwenye godoro jembamba kando ya kitanda hicho hicho, miaka nenda miaka rudi. Wageni wakija nilikuwa nafunga mlango wa chumba chake. Waingereza wakiona mzee analala sakafuni wanaita ustawi wa jamii, na Wakongo wenzangu wa kanisani wakiona watasema binti hana adabu. Na hakuna aliyemlaza chini ila yeye mwenyewe.

Kwetu, mwanamke akifiwa na mume analala chini mpaka matanga yaondolewe. Kwa kawaida si muda mrefu. Watu wanalia, wanazika, wanakula, mjane ananyolewa nywele, anaoga, anarudi kitandani kwake. Matanga ya baba hayakuondolewa kwa sababu baba hakuzikwa. Alikuwa mchimba dhahabu katika vilima vya Kivu. Mvua ilinyesha, shimo likaanguka, akabaki ndani. Wenzake walichimba kidogo, wakaogopa, wakaacha. Mama alikuwa chini mtoni na wanawake wengine, wanatwanga mawe yaliyotoka shimoni ili dhahabu ionekane. Alipopanda mbio, wanaume walimzuia mbali kabisa na mdomo wa shimo. Mwanamke hasogelei shimo, walisema, dhahabu inakimbia. Mume wake yuko chini ya mlima, na wao bado wanaogopea dhahabu! Nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kuona walivyomshika mikono. Baadaye vita vikatufikia, tukakimbia, kambi hadi kambi, mpaka London.

Basi mama akaendelea kulala chini, na mimi nikazoea. Mwili wake ndio haukuzoea. Nyonga ya kulia iliisha kabisa, akawa anatembea kwa kushika kuta. Hospitali ilikubali kumwekea nyonga ya bandia, lakini kwanza ilimtuma dada mmoja aje nyumbani kupima urefu wa viti, choo na kitanda. Siku hiyo sikufunga mlango kwa wakati. Aliliona godoro, akalitazama, akanitazama.

Alinieleza kwa upole sana. Baada ya upasuaji mama asingeweza kuinama hadi sakafuni wala kuinuka kutoka huko, na akijaribu, nyonga mpya ingechomoka. Kama hana kitanda anachokitumia kweli, hawatampasua. Nafasi yake angepewa mwingine, na yeye angeanza foleni upya.

Nilimfasiria mama. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Mwambie asante, ile dada. Ana roho muzuri. Lakini miye siwezi kupanda juu ya kitanda na mume yangu angali mu matope."

"Mama, hautatembea tena. Unasikia? Utabakia mu kiti."

"Basi nitabakia mu kiti."

Niliona giza kwa hasira. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Kutwa nzima nawainua mama za watu, nawageuza, nawalaza vitandani, nawafunika, halafu narudi nyumbani namkuta wangu sakafuni anasaga meno kwa maumivu. Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia baba hamwoni. Mama akajifunika shuka hadi usoni, ndivyo anavyofunga mazungumzo.

Nilimpigia simu mdogo wangu wa kiume, anayeishi Ujerumani, katika bonde la Ruhr. Huyu amelipenda eneo lile kupita wenyeji wenyewe. Kila wikiendi ananitumia video. Leo ni tangi la gesi refu kuliko kanisa ambalo siku hizi ni ukumbi wa maonyesho. Kesho ni kiwanda cha chuma kilichozimwa, vijana wanapanda kuta zake kwa kamba na maua yanaota katikati ya reli. Njia za treni za makaa zimekuwa njia za baiskeli. Palipokuwa na matanuri, wakati wa baridi watu wanateleza kwenye barafu na watoto wao. Migodi yote ya makaa kule imefungwa, na kila kilichobaki wamekipaka rangi, wamekiwekea benchi na mkahawa. Mimi video zile zilikuwa zinaniudhi. Mgodi umemla baba, na mwanawe anapiga picha mgodini akicheka! Lakini damu nzito kuliko maji, na sikuwa na mwingine wa kumlilia.

Yeye ndiye aliyempigia baba mdogo kule Kivu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Jibu la baba mdogo lilikuja kwa sauti ya WhatsApp, jogoo wakiwika nyuma yake. Mtu aliyepotea, alisema, anazikiwa mgomba. Unakatwa mgomba, unavikwa sanda, unaliliwa kama mtu, unazikwa kama mtu, na matanga yanaisha. Ingefanyika zamani kama vita visingetutawanya.

"Lakini muzike mu udongo ya mgodi," alisema. "Hata kama ni mgodi ya bazungu. Mukimuzika mu udongo ya bure, atakuwa anatafuta njia."

Kurudi kwetu hatuwezi. Hati ya kusafiria ya mkimbizi inakupeleka nchi zote isipokuwa ile unayoililia. London haina mgodi, na mgomba wenyewe utaupata wapi? Sokoni Woolwich kuna ndizi za kila aina, hata majani ya mgomba yaliyogandishwa, lakini shina, hapana.

"Mulete mama huku," mdogo wangu akasema. "Udongo ya mgodi imejaa. Na mgomba iko."

Nilidhani ananitania. Kumbe kweli. Kule wachimba makaa walipenda bustani na njiwa wa mashindano, na bustani hizo ndogo ndogo bado zipo, kila mtu na kipande chake na kibanda chake. Mdogo wangu naye alikuwa amepata kipande, analima lengalenga, mchicha wa kwetu, na maharage. Jirani yake bustanini, mzee aliyestaafu mgodini, alikuwa amepanda mgomba wa mapambo, usiozaa kitu, na kila majira ya baridi anauvalisha nyasi kavu usife. Alipoelezwa tunautakia nini, aliuliza swali moja tu: baba yenu alikuwa anachimba nini? Kisha akatoa shina moja.

Mama alikubali siku ile ile. Alikubali haraka mno, na hilo lilinitisha zaidi ya kukataa kwake. Nilichukua likizo, nikakunja shuka langu jeupe jipya, tukapanda treni inayopita chini ya bahari. Sikufikiria. Treni ilipoingia gizani, mama akanishika mkono kwa kucha. "Tuko chini?" aliuliza. Nilimwambia ndiyo. Akafumba macho akaanza kusali, na hakuyafumbua hadi nilipomwambia jua limetoka.

Mdogo wangu alitaka kututembeza kwanza, kama kawaida yake. Nilikuwa tayari kumgombeza, lakini mama akasema anataka kuona. Basi tulimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mgodi mmoja wa zamani, wenye mnara wa chuma na magurudumu makubwa juu yake, na ndani yake tukaingia ukumbi walimokuwa wakibadilisha nguo. Sijasahau ukumbi ule. Kutoka darini zilining'inia ndoano nyingi kwa minyororo, na kila mchimbaji alikuwa na ya kwake. Alitundika nguo zake za nyumbani, akazivuta juu, akafunga mnyororo, akashuka shimoni. Akitoka, anaoga, anazishusha, anavaa, anaenda kwake. Nguo chache za zamani zilikuwa bado zimeachwa pale zionekane, koti, suruali, viatu.

Mama aliinua shingo akazitazama muda mrefu.

"Sasa kama mutu hakutoka," alimwuliza mwanawe, "nguo zake zilikuwa zinabakia pale juu?"

"Nadhani, mama."

"Na batu banaziona?"

"Banaziona."

"Banajua ni ya nani?"

"Banajua."

Mimi nilitoka nje. Palikuwa na watu wanakunywa kahawa juani, mtoto anaendesha baiskeli kuzunguka gari la makaa lililopandwa maua, na niliwachukia wote, wale watu wasionikosea kitu. Kwetu hakuna aliyejua ni wangapi walioshuka asubuhi ile. Hapa hata viatu vya mtu vina mahali pake.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mdogo wangu alikuwa amechagua kilima kimoja nje ya mji, kirefu, chenye njia inayozunguka hadi juu. Si kilima cha Mungu. Ni mawe na udongo uliotolewa chini ya ardhi pamoja na makaa, ukarundikwa hapo kizazi baada ya kizazi, kisha ukapandwa miti. Kileleni kuna msalaba. Hakuna udongo ulio wa mgodi kuliko ule, na mimi mwenyewe niliona wazo lake ni jema. Kilichonipita, na kikampita yeye aliyekaa kule miaka yote, ni kwamba Jumapili Wajerumani wote wako nje wanatembea.

Chini ya kilima mama alitusimamisha.

"Mwanamuke anaruhusiwa hapa?"

"Mama, hapa hata imbwa zinapanda," mdogo wangu akasema.

Mama hakucheka. Alijifanyia ishara ya msalaba ndipo akaturuhusu kusukuma. Tulisukuma kwa zamu huku tukitweta, mgomba ukiwa mapajani mwake, umefungwa katika shuka langu kuanzia juu hadi chini, ameukumbatia. Watu walitupita na fimbo zao za kutembelea, wakatusalimia, wakageuka kutazama tena. Karibu na kilele tuliacha njia, tukaingia kwenye miti midogo. Mdogo wangu akachimba kwa jembe la bustanini. Udongo ulikuwa mweusi, mawe matupu, na jembe lilipiga kelele. Mama alimwelekeza kichwa kitazame wapi. Tukaulaza mgomba. Tulisali Baba Yetu, mama akaanza kuimba wimbo wa maziko wa kwetu, mimi nikaitikia kwa aibu, nikitazama kama kuna anayesikia. Tulifukia. Nilianza kufikiria treni ya kurudi.

Hatujaondoka pale, polisi wawili wakatokea, mwanamke na kijana mmoja. Nyuma yao alisimama bibi mwenye mbwa, ameshika mdomo. Alichokiona yeye ni Waafrika watatu wameingia msituni na kitu kirefu kilichofungwa sanda, wakachimba, wakakifukia. Siwezi kumlaumu. Ningekuwa mimi, ningepiga simu mapema zaidi.

Mdogo wangu akaeleza. Kijerumani chake ni kizuri, lakini alikuwa anatetemeka, na mtu anayetetemeka hasadikiwi. Nilisikia neno la ndizi likirudiwa. Yule mwanamke alisikiliza, hakuwa mkali, akaonyesha ardhi: fukueni.

"Sitamufukua baba," mdogo wangu akaniambia kwa Kiswahili. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Dada, sitaweza. Mtoto hafukui muzazi."

Naye alikuwa na haki. Kuzika mara mbili ni balaa, lakini kufukua ni laana, hilo hata aliyezaliwa Ulaya analijua. Nilijaribu Kiingereza. Niliwaambia ni desturi, ni sala, mama yangu ni mgonjwa, asubuhi ya Jumapili mnamtendea nini? Nilipandisha sauti, ikawa mbaya zaidi. Moyoni nilikuwa nimeshakata tamaa. Niliona tunarudi London na jambo baya kuliko tulilokuja nalo, mama analala chini hadi kufa, na upasuaji umekwenda.

Yule kijana alichukua jembe mwenyewe. Alichimba polepole, kisha akaliacha, akapiga magoti akaanza kuondoa mawe kwa mikono, maana na yeye aliogopa kilichokuwa ndani. Shuka likatokea. Akaingiza mikono yote miwili chini yake, akauinua mgomba kwa uangalifu mkubwa, upande wa kichwa juu kidogo, akasimama nao.

Mama akapiga kelele.

Nilidhani ni maumivu, nikamkimbilia. Alikuwa amesimama. Ameshika mti mdogo, licha ya nyonga mbovu, na ananyoosha mkono kumwelekea yule kijana.

"Bamemutoa!" alisema. "Mwanangu, angalia, bamemutoa! Anatoka! Mulikataa, leo bamemutoa!"

Alilia kama nilivyotegemea kumsikia akilia siku ile mlimani, nilipokuwa msichana, lakini siku ile walimziba mdomo. Kijana wa polisi hakuelewa hata neno. Alisimama na mzigo wake mikononi, akamtazama mwenzake. Mwenzake akafungua pembe ya shuka, akaona shina la kijani, akalifunika tena. Kisha akamwambia mdogo wangu jambo kwa sauti ya chini, na kijana akamletea mama mgomba ule pale alipokuwa, akauweka juu ya kiti cha magurudumu. Mama aliushika. Aliupangusa udongo kwa kitambaa cha kichwani mwake, sehemu ya uso, sehemu ya kifua, akizungumza nao kwa lugha ya nyumbani ambayo sisi watoto tunaisikia nusu nusu. Mdogo wangu alikuwa anafuta machozi kwa kiwiko. Mimi nilisimama pale bila chozi, nimeshika jembe.

Walituambia hatuwezi kuuacha pale, kile kilima ni mahali pa umma. Hawakutuadhibu. Bibi wa mbwa alikuja kutupa mkono, sijui ni pole au ni kuomba radhi, kisha akaondoka zake.

Jioni tuliuzika bustanini kwa mdogo wangu, ndani ya udongo tuliochota kule juu, baba mdogo akiongoza sala kwa simu. Yule jirani aliyetupa mgomba alivua kofia akasimama upande wa pili wa ua. Mama mwenyewe alitupa udongo wa kwanza, na mara hii hakuna aliyemshika mkono. Nilimnyoa nywele uani kwa mashine ya mdogo wangu. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyokumbuka. Aliniambia nifanye haraka, anasikia baridi.

Tuliporudi Woolwich, mama aliondoa nguo juu ya kitanda, akazikunja, akapanda. Hakutoa hotuba. Alilalamika kwamba kinayumba, akasema niliyekifunga sikujua kazi. Ningefurahi, na watu kanisani Lewisham walifurahi, walipiga vigelegele na kucheza. Lakini tangu siku hiyo mama alianza kulia. Alilia akila, alilia akisikiliza mahubiri, alilia bila kelele kwenye basi. Zamani alikuwa mkali, mcheshi, ananigombeza kwa kila kitu. Sasa alikaa ukingoni mwa kitanda kile, akiangalia dirisha. Nilijiuliza kama hatukumpokonya kitu kilichokuwa kinamsimamisha. Bado najiuliza.

Siku ya upasuaji nilimpeleka nikiwa na sare ya kazi, maana zamu yangu ilianza mchana. Muuguzi akavuta pazia, akaanza maswali ya kila siku. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Dawa zinazomdhuru. Meno ya bandia. Kisha akauliza kama ameolewa. Swali hilo sijawahi kumfasiria mama. Tangu kambini alinifundisha la kujibu, na kila ofisi, kila hospitali, nimelijibu mwenyewe haraka, ndiyo, ameolewa, tuendelee.

Nilifungua mdomo. Mama akaweka mkono juu ya mkono wangu. Kiingereza cha swali lile alikuwa anakielewa miaka yote.

"Mwambie amekufa," alisema. "Mwambie baba yako amekufa."

Ni maneno machache ya Kiingereza, mtoto wa chekechea anayaweza. Nimewafasiria watu wa kanisa kwa mawakili, kwa madaktari, nimewaambia watu habari za saratani. Maneno yale hayakutoka. Muuguzi alisubiri, hakuharakisha.

"Mwambie, mwanangu."

Nikamwambia. Na nilipoyasikia kwa sauti yangu mwenyewe, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama, nikalia mtu mzima mimi, na sare yangu, huku mama akinipapasa mgongo kwa mkono uliokuwa tayari umechomwa sindano. Muuguzi akasema pole sana. Akaniuliza imetokea lini. Nilishindwa kumwambia kwamba ni zamani.